Dozi ya Pili

Yasini Fusi alikuwa akiikunjua bahari tangu asubuhi, na bahari ilikuwa inakataa kukunjuka.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya wasomaji wa Jengo la Kina pale Mkwaya. Wanapewa picha ya mwamba ulio chini ya maji, tabaka juu ya tabaka, nao wanairudisha nyuma. Unaanza na tope la majuzi, unaliondoa. Unaondoa la chini yake. Kila ufa uliowahi kuteleza unaurudisha ulikotoka, kila mkunjo unaunyoosha, mpaka unaifikia siku ambayo sakafu ya bahari ile ilikuwa imelala bapa kama mkeka mpya. Ukifika huko na kila kipande kimekaa na mwenzake, umeisoma historia sawasawa. Ukifika ukabaki na kipande mkononi hakina pa kukaa, basi kuna jambo ardhi ilifanya na wewe hujaambiwa.

Yasini alikuwa amebaki na kipande.

Kilikuwa kidogo. Mwanya mwembamba juu ya kilele cha Tuta la Nakitumbe, katika lile tope zito lisilopitisha kitu ambalo wasomaji huliita kifuniko. Kwenye kioo haukuzidi unywele. Wenzake wawili, Shemdoe na Bi Nasra, walikuwa wameuona pia. Wakasema ni kelele za mashine, wakatia vidole gumba vyao kwenye kioo kuwa wamekubali, wakaenda kula. Dozi haikutolewa bila vidole vya wasomaji watatu. Kilikuwa kimebaki cha Yasini.

Aliianza tena tangu juu.

Habari ya pwani ile ni habari ya kuachana. Zamani, kabla hakujawa na jicho la kuona, Bukini, hiyo Madagaska ya kwenye ramani, ilikuwa imegandana na Afrika ubavu kwa ubavu. Ikang'oka. Ikateleza kwenda kusini huku ikiburuza, na ilipoburuza ikaacha kovu refu chini ya bahari, ambalo wasomaji wanaliita Ufa wa Bukini. Kando ya kovu yakabaki mabonde. Mabonde yakaingiwa na maji, viumbe wadogo wa baharini wakafa humo vizazi kwa vizazi wakazikwa na tope, na tope likazikwa na mchanga wa mito. Uzito ukaleta joto, joto likawapika wale wafu wakawa mafuta, na walioshuka zaidi wakawa gesi. Gesi haina subira. Inapanda, inapenya, na ikikuta mkunjo wenye kifuniko inatulia chini yake kama moshi uliokwama kwenye paa la makuti.

Ubaya wa Tuta la Nakitumbe ni kwamba lilichelewa. Lilikunjika wakati gesi nyingi imeshapita na kupotelea baharini, na ile iliyobaki imekwama kilindini vipande vipande, njia zake zimeziba. Mtego mpana, mzuri, mtupu. Wachimbaji wa enzi za bomba la kwanza walitoboa pale wakakuta maji ya chumvi, wakafunga virago.

Ndipo ikabuniwa Mwamsho. Sindano za chuma zilipigiliwa ndani ya Ufa wa Bukini, nazo ziliimba kwa sauti ambayo sikio la mtu halisikii, mpaka mwamba ukumbuke safari yake ya zamani na kuteleza tena, upana wa ukucha tu. Njia zinafunguka, gesi inapanda, mtego unajaa. Kuteleza kumoja waliita dozi. Dozi ya kwanza, ndogo, ilikuwa imetolewa juzi. Ya pili ilikuwa kubwa.

Yasini aliutazama ule mwanya. Wote walikuwa wameuhesabu kuwa mtoto wa Bukini, kwa hiyo wakauweka chini kabisa ya historia, na huko haukukaa. Akajaribu kinyume. Akausahau kabisa uzee wake. Akauchukulia kuwa ni kitu cha jana, cha wakati huu ambapo bara lenyewe limeanza kupasuka upya, uleule mpasuko uliofungua maziwa makuu kule bara na ambao sasa unatambaa chini ya bahari bila kumuomba mtu ruhusa. Akauweka juu ya vyote, tukio la mwisho.

Kila kipande kikakaa. Alitamani kisikae.

Maana kama ni ufa mchanga, basi uko hai. Umekikata kifuniko katikati ya kilele, unapanda, na ukiufuata kwa kidole mpaka juu unatokea chini ya kisiwa cha Nakitumbe, kwenye ncha ya kusini, mahali penye msikiti na kisima na makaburi. Gesi itakayosukumwa na dozi ya pili haitatulia mtegoni. Itapita kama mtu anayepita mlango uliosahauliwa wazi.

Simu ikaita. Alikuwa Dadi Litinji, wa hukohuko Nakitumbe.

"Mngoni," alisema Dadi, na sauti yake haikuwa na mzaha wa kawaida. "Mtumwa wako amekuponyoka. Baba kafa."

Yasini alikaa. Kazumari Litinji ndiye aliyekuwa mtunza kisima cha kisiwa. Miaka yote ya kupima pale, Yasini alikula kwake, akamtukana na kutukanwa, kwa kuwa Wangoni na Wamwera ni watani.

"Kafa kwa nini?"

"Alishuka kisimani asubuhi kutoa mchanga. Hakupanda. Tulipomtoa hana jeraha, hana maji mapafuni. Kalala tu kama kasinzia. Wengine wanasema moyo, wengine wanasema aliyemo kisimani kamtaka. Tunazika kesho baada ya adhuhuri. Watani wengine wako mbali. Ukichelewa tutamzika bila kukupa chako."

"Dadi, nani mwingine ameshuka kisimani?"

"Nani ashuke humo tena?"

"Asishuke mtu. Wala taa ya moto isishushwe."

"Umeanza maagizo, bwana mkubwa," alisema Dadi. "Njoo uzike."

*

Dokta Kokwijuka alikuwa mkuu wa wasomaji, mwanamke mrefu aliyekuja Mkwaya kutoka Ziwani wakati ziwa lilipoanza kurudi nyuma na kuziacha bandari zake juu ya matope. Alimsikiliza Yasini bila kumkatiza. Aliutazama ufa. Hakusema ni kelele za mashine.

"Umesoma vizuri, Fusi," alisema. "Ni mchanga."

"Basi tusimamishe."

Dokta aliinuka akaenda dirishani. Chini, mbele ya lango la mtambo wa maji, watu walikuwa wamepanga madumu. Mto wa Mkwaya ulikuwa umekufa zamani. Mji mzima ulikunywa bahari iliyochujwa, na mtambo wa kuchuja ulikula gesi. Visima vya gesi vya zamani vilikuwa vinakoroma kama mzee.

"Jana hospitali wamezalisha kwa maji ya chupa," alisema. "Unajua gesi iliyobaki inatosha kwa muda gani. Unaijua hesabu hiyo kuliko mimi. Nakitumbe ina watu wangapi? Hawafiki hata mtaa mmoja wa hawa hapa chini."

"Mtu mmoja wao ameshakufa."

"Nimekusikia. Sikusema hawana thamani."

"Umesema hesabu, Dokta."

"Nimesema hesabu kwa sababu wewe na mimi tunanywa maji yaleyale." Alirudi akakaa mbele yake. Macho yake yalikuwa mekundu, na Yasini akaona kwamba mama huyu hajalala, na hilo likamuudhi zaidi kuliko kama angelala. "Tuseme umekataa. Utatolewa. Kesho kutwa ataletwa msomaji kutoka makao makuu ambaye hajawahi hata kuiona Nakitumbe. Atatia kidole, dozi itatoka. Na wewe utakuwa nyumbani, umeshika usafi wako, na hakuna aliyekwenda kuwaambia wale watu. Ukitia, ninakupa boti. Dozi inatoka kesho alasiri. Una muda wa kuwaondoa."

"Nina kiapo cha Siri ya Kina. Nikisema neno nafungwa."

"Ukitangaza, ndiyo, unafungwa, na dozi inatoka vilevile." Alishusha sauti. "Lakini wewe ni mtani wao, na wana msiba. Mtani msibani anasema chochote. Hakuna mahakama pwani hii iliyowahi kumfunga mtani kwa alichosema makaburini."

 Yasini alijua kwamba Dokta alikuwa ameliandaa neno hilo kabla yeye hajaingia.

Hivyo ndivyo wasomi wa pwani ile walivyopatikana siku zote. Watu husema walinunuliwa. Wachache walinunuliwa. Wengi hawakupewa hata soda. Walionyeshwa tu kwamba ubaya utafanyika kwa vyovyote, basi afadhali ufanywe na mtu mwenye huruma. Mikorosho ilipong'olewa kupisha bomba la kwanza, aliyepita na rangi nyekundu kuweka alama kwenye miti alikuwa mtoto wa hapohapo, analia huku anapaka. Walipohamishwa watu wa Mtepeche, aliyewasomea tangazo alikuwa mwalimu wao waliyempenda. Kila mara alikuwepo mtu mwema wa kuushika mpini. Ubaya usio na watu wema haufiki mbali. Unaishia njiani kwa kukosa wa kuubeba.

Yasini aliyajua hayo yote. Alikulia humo. Na bado alijiona yeye ni tofauti, kwa kuwa yeye angekwenda.

"Kikishaingia kidole cha tatu, sindano zinaweza kuzuiwa?" aliuliza.

"Hapana. Zinaanza kukusanya nguvu. Hazisikii la mtu."

"Na nikikupigia simu kutoka kule?"

"Simu za jengo hufungwa siku ya dozi. Unajua."

Nje, mwanamke mmoja alikuwa akigombana na mlinzi kwa ajili ya dumu lake. Yasini aliweka kidole gumba kwenye kioo. Kioo kilikuwa na joto la vidole vya wenzake.

*

Boti lilimshusha Nakitumbe na kugeuka kurudi, wakati swala ya jeneza imekwisha. Hakwenda msikitini. Alikwenda moja kwa moja makaburini, kwa njia ya nyuma, kama inavyompasa mtani, na jeneza lilipofika walimkuta ameshaingia kaburini amelala chali, mikono kifuani.

"Haya, Mngoni kaja," alisema Mzee Mnali Litinji, ndugu wa marehemu, mtu mzima mwenye sauti ya kukwaruza. "Fungeni kuku."

Watu wakacheka, wale waliobeba jeneza pia. Ndiyo maana mtani yupo, kilio kipate pa kupumua.

"Nani kampa mateka wangu ruhusa ya kufa?" aliuliza Yasini toka chini. "Sikuulizwa."

"Tungekuuliza ungetaka mgao wa sanda."

"Kaburi hili ni zuri. Nalala mimi."

"Lala," alisema Dadi. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini mdomo ulikuwa unacheza. "Tukufukie. Tutapata Mngoni wa mbolea."

"Sitoki mpaka nilipwe."

"Taja bei, mwizi wa ng'ombe. Jua linakwenda."

Yasini aliinuka akakaa. Kutoka mle kaburini aliwaona wote wamemzunguka, kofia zao zimechorwa juu ya mbingu.

"Bei yangu ni kisiwa," alisema. "Hameni. Wote, na watoto na wazee, sasa hivi, kabla ya alasiri. Ingieni kwenye mashua zenu mwende bara. Mkichelewa, ardhi hii itafunguka chini yenu."

Kicheko kilichofuata kilikuwa kikubwa kiasi kwamba mmoja wa wabebaji ilimbidi ashushe upande wake wa jeneza.

Na nani angewalaumu. Mababu wa watu wale waliingia kisiwani humo wakikimbia mikuki ya Wangoni. Walikimbia kutoka bara wakiwa na watoto mgongoni, wakafika ufukweni, wakavuka, na wakasema hapa Mngoni hawezi kuja, anaogopa maji. Hadithi hiyo kila mtoto wa Nakitumbe aliijua. Na utani wote wa baina yao ulisimama juu yake. Kwa hiyo Mngoni aliyekaa kaburini na kuwaambia hameni, ninakuja, alikuwa anasema jambo la kuchekesha kuliko yote ambayo mtani angeweza kusema. Yasini, aliyejua kurudisha nyuma historia ya bahari nzima, hiyo hakuikumbuka.

"Wamekuja tena, jamani," alisema Mzee Mnali, anafuta machozi. "Zamani walitukimbiza mpaka hapa. Sasa wanatutoa na hapa. Twende wapi, Mngoni, Bukini?"

"Sitanii, mzee."

"Anasema hatanii," alidakia mtu nyuma, na wakacheka upya, kwa kuwa hilo ndilo mtani husema siku zote.

Sarafu zikaanza kuanguka kaburini. Mtu akatupa na limau.  Mkono wa Yasini ulikuwa chini, kwenye mchanga mbichi, na ule mchanga ulikuwa unamtekenya. Akatazama. Pale palipokuwa na unyevu, kando ya mwanandani alipotakiwa kulazwa marehemu, vipovu vidogo vilikuwa vinatoka, vinapasuka, vinatoka tena. Havikuwa vingi. Alivitazama akasahau kupumua, halafu akaona ni vizuri alivyosahau.

Gesi ya dozi ya kwanza, ile ndogo, ilikuwa imeshafika.

Alizoa sarafu akazitia mfukoni, akashika ukingo, akajivuta haraka kutoka kaburini. Wakampongeza kwa kulipika kwa bei ndogo.

"Nani ana kiberiti?"

"Anataka na sigara," alisema Dadi.

Mchimba kaburi mmoja alimpa. Yasini aliwaambia warudi nyuma; hawakurudi. Akawasukuma kwa mikono miwili, akaokota kuti kavu, akaliwasha na kulitupa mle ndani.

Ulitokea mvumo kama wa mtu anayekung'uta shuka. Kisha mwali wa buluu, hafifu, hauna moshi, ukasimama kwenye sakafu ya kaburi na kuanza kulamba mwanandani.

Hapakuwa na kicheko tena. Yasini aliwageukia, na kwa pumzi moja alifikiri: wameona, wataelewa.

Walikuwa hawamtazami yeye. Walikuwa wanalitazama jeneza.

"Moto kaburini," alisema mtu taratibu.

"Astaghfirullahi."

Maalimu Shaweji, aliyekuwa amesimama kichwani pa kaburi kwa ajili ya kumsomea maiti talakini, alirudi nyuma hatua, akafunga mdomo wake kwa kilemba. Wabebaji waliweka jeneza chini kama kwamba nalo lilikuwa la moto. Minong'ono ikaanza pembeni, na Yasini akaisikia ikikua. Kwamba Kazumari alikuwa na ufunguo wa kisima peke yake. Kwamba mwaka ule wa ukame alimnyima maji mjane fulani. Kwamba mtu hafi kisimani bure. Watu ambao muda mfupi uliopita walikuwa wanamlilia walikuwa wanamtafutia dhambi, na walikuwa wanazipata, kwa kuwa hakuna mtu aliyeishi miaka mingi akazikosa.

Dadi alikuwa amesimama peke yake. Watu walikuwa wamemwachia nafasi pande zote. Alikuwa anaangalia ule mwali wa buluu ukitembea mahali atakapolala baba yake, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayevuliwa nguo hadharani.

Yasini alijua kwamba anaweza kunyamaza. Hofu ingewaondoa makaburini, labda hata kisiwani. Wangekimbia na kusimulia miaka mia kwamba Nakitumbe ilihamwa kwa dhambi za Kazumari Litinji. Watu wangepona. Siri ya Kina ingebaki siri. Hakuna ambaye angemfunga. Ilikuwa ni hesabu nzuri, na ilifanana sana na ya jana.

Alizitoa mfukoni zile sarafu, akainama akaziweka miguuni pa Mzee Mnali, moja moja, mpaka zikaisha. Mzee alimwangalia. Mtani harudishi malipo.

"Moto huu si wa marehemu," alisema Yasini. "Marehemu hana kosa. Ni gesi. Inatoka chini ya bahari, imepandishwa na mitambo ya Kina. Ndiyo iliyomuua kisimani. Haina rangi, haina harufu, inajaa shimoni inamnyima mtu pumzi. Alasiri hii wanapandisha nyingine, kubwa kuliko hii."

 Upepo ulipita juu ya kaburi na mwali ukalala, ukainuka.

"Nani kasema?" aliuliza Mzee Mnali.

"Mimi. Ni kazi yangu. Haitolewi mpaka watu watatu tukubali. Mimi ni wa tatu. Nilikubali jana."

Dadi alisogea. Alikuja mpaka akawa karibu sana, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Jana. Nilipokupigia baba amekufa?"

"Baada ya hapo."

"Baada ya hapo."

"Nilifikiri nikikubali nitapata muda wa kuja kuwaambia."

"Ukaja ukalala kaburini ukataja bei."

 Yasini alikuwa na maelezo, mengi, kuhusu mtambo wa maji na hospitali na msomaji kutoka makao makuu. Yote yalikuwa kweli. Aliyatafuta mdomoni akayakuta yamekuwa mchanga.

"Kwa hiyo moto ni wako," alisema Dadi.

"Ni wangu."

"Uzime."

Alipiga magoti. Aliusukuma mchanga kwa mikono miwili ndani ya kaburi, akausukuma tena, mpaka mwali ukafifia, ukafa. Kisha kando kidogo, kwenye ufa wa kaburi la zamani ambalo jina lake lilikuwa limeshafutika, kitu kikaanza kupiga mluzi.

Mzee Mnali hakungoja zaidi. Aliwageukia wabebaji.

"Inueni."

"Tunampeleka wapi?" aliuliza Maalimu.

"Mashuani. Ndugu yangu halali kwenye ardhi inayowaka. Atazikwa bara. Waiteni wanawake, waacheni masufuria. Mwenye kuuliza, mwambieni marehemu anahama na sisi tunamsindikiza."

Na ndivyo walivyotoka. Si kwa sababu ya mwanya juu ya kilele, wala kifuniko, wala historia ya Bukini. Walitoka kwa sababu hawakuweza kumwacha mtu wao. Jeneza lilitangulia, likishuka ufukweni kwa mwendo wa haraka usio wa heshima, na nyuma yake kikafuata kisiwa: kanga, vitoto, redio, mbuzi mmoja anayekataa. Yasini alikimbia akatia bega lake chini ya jeneza, kama inavyompasa mtani.

"Toa," alisema Mzee Mnali.

Akatoa.

Dadi alimkuta amesimama pale njiani, mikono inaning'inia.

"Watu wa ncha ya juu, kule kaskazini, hawakuja mazikoni," Dadi alisema bila kumtazama. "Wazee wengi, na wagonjwa. Sisi tuna maiti na watoto. Nitawaachia mashua kwenye mikoko ya huko." Akaondoka. Hatua chache mbele akageuka. "Wakikuuliza, waambie na jina lako."

*

Njia ya ncha ya juu ilikuwa ndefu kuliko alivyoikumbuka. Alikimbia mpaka ubavu ukamchoma, akatembea, akakimbia tena. Kivuli chake kilikuwa kimeshampita urefu. Katikati ya njia alihisi kitu kwenye nyayo. Hakikuwa tetemeko. Kilikuwa mngurumo mdogo, mrefu, wenye subira, kama wa paka mkubwa anayelala, na alijua ni nini ingawa hakuwahi kuusikia akiwa juu ya ardhi. Sindano zilikuwa zimeanza kuimba.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya kuta za udongo, na uani alikaa bibi mmoja anapepeta mchele. Jina lake Bi Somoe. Alikuwa mkongwe kiasi kwamba utani kwake ulikuwa ndiyo maongezi pekee aliyoyahifadhi. Alimwona Yasini akija anahema, nguo zimejaa mchanga wa kaburini, na uso wake wote ukafurahi.

"Mngoni," alisema. "Umeshaiba huko chini, sasa umenijia mimi. Sina ng'ombe. Nina mchele na meno mawili."

Wamwera na Wangoni hawaamkiani msibani, wala njiani, wala popote. Matusi ndiyo salamu yao, na yamekuwa hivyo tangu mikuki iliposhushwa chini. Katika umri wake wote Bi Somoe hakuwahi kupewa heshima na Mngoni, na hakuwahi kuihitaji.

Yasini alivua kofia. Alisimama mbele yake mpaka pumzi ikakaa. Chini ya miguu yao mchele uliomwagika kwenye mkeka ulikuwa unacheza peke yake, punje kwa punje.

"Shikamoo, bibi," alisema.

Ungo ukatulia mikononi mwa yule bibi. Furaha ikamtoka usoni taratibu.

"Nani tena amekufa?" aliuliza.